Wodi ya Maji ya Chumvi

Mtoto wangu alikata roho saa tisa mchana, juu ya kitanda cha Dresa. Chumba kilikuwa giza kwa sababu ya blanketi lililopigiliwa misumari dirishani. Povu lilimjaa mdomoni, jasho likamlowesha kama aliyetolewa mtoni, na mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo kama mbegu za wimbi. Mimi nilikuwa chini sakafuni, nimeegemea ukuta, natapika kwenye beseni. Sikuweza kusimama kumshika. Nilijaribu, miguu ikakataa.

Kabla hajakata roho, Chebet alisema, "Dresa, washa."

Alitaka kuona moto wa maji. Dresa alijua hautawaka. Ulikuwa umekufa kabla ya mtu yeyote kati yetu, na yeye ndiye aliyetangulia kujua na kusema. Lakini aliweka chini kitambaa alichokuwa akimfutia uso, akaenda kwenye kisanduku chake cha kioo chenye maji, akagonga kwa kidole kimoja, taratibu, jinsi alivyokuwa akigonga siku zote. Giza. Akagonga tena.

"Wamelala, nyathina," akamwambia. Nyathina ni mwanangu, kwa lugha ya kwao ziwani. "Wodi imelala. Ngoja kidogo, wataamka."

Chebet akangoja. Alikufa akingoja.

Nimelitoa hilo kwanza kwa sababu nikiliacha mwisho sitafika. Sasa naweza kusema juu ya mtu mwenyewe.

Jina lake silitaji. Hata pale shambani wengi hawakulijua. Tulimwita Dresa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunga vidonda katika dispensari ndogo ya shamba la chai, upande ule wa Kericho ambako kampuni ina laini zake. Laini ni nyumba za wafanyakazi, zimepangwa mistari mistari chini ya kilima, chumba kimoja na jiko la nje. Mameneja walibadilishwa, makarani wakaja wakaenda, yeye alibaki na chupa yake ya dawa ya zambarau. Kampuni ilipofunga dispensari, ikisema tutakuwa tukienda mjini, yeye aliachwa akae katika chumba chake, na watu wakaendelea kumwendea na vidole vilivyokatika kana kwamba hakuna kilichofungwa.

Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko spiriti. Ukimwendea na kidonda cha jana, anakuuliza, "Jana ulikuwa unakipikia chai?" Ukimwambia una haraka, anakwambia, "Mtu mwenye haraka aumie polepole." Hakumgusa mtu mwenye miguu michafu. Kulikuwa na mfereji nje ya mlango wake, na hata ukija unatokwa damu ungeoshwa miguu kwanza. Lakini gamboti zake mwenyewe! Zilinuka hadi paka wa jirani alizunguka njia nyingine. Jumapili asubuhi alikuwa kwenye kiti cha mbele kanisani akiimba besi, na Jumapili jioni alikuwa akitafuta ukuta wa kumwelekeza nyumbani. Jumatatu alikuwa anakemea walevi.

"Dresa, na jana?" watu wakamuuliza.

"Jana nilikuwa nafanya utafiti."

Ndivyo alivyokuwa. Siwezi kumfanya malaika. Aliniita mjinga mbele ya watu siku nilipomfunga Chebet jani la mti kwenye jipu, halafu usiku huohuo akamtuma mtu alete pamba na sabuni, bila neno.

Na alikuwa na binti, ambaye hakuongea naye. Alimsomesha kwa mshahara wa kufunga vidonda ili awe nesi, binti akageuka akasomea mambo ya bahari, akaajiriwa huko Pwani katika maabara. Dresa alichukua jambo hilo kama tusi. "Nimemlipia shule awe anaangalia watu," alisema, "sasa anaangalia takataka za bahari." Simu ikilia na ni huyo binti, anaigeuza kifudifudi mezani, inaunguruma mpaka inachoka.

Krismasi moja binti alikuja mwenyewe, bila kusema anakuja. Alibeba chupa ya juisi iliyofungwa ndani ya sweta kama kitoto kichanga, na mfuko wa chumvi ya kutengenezea maji ya bahari. Walikaa nje kwenye viti, sisi majirani tukijifanya tunapepeta maharagwe.

"Mzazi huletewa blanketi," Dresa akasema. "Wewe unaniletea maji."

"Baba, ingia ndani, zima taa, uyatikise."

"Nitikise maji? Mimi?"

"Tikisa tu, baba."

Aliingia. Halafu tukasikia sauti ya mtu mzima akisema, "Yesu wangu," na haikuwa ile sauti ya kanisani.

Ilikuwa planktoni. Hilo neno alitufundisha yeye, na tulilisema kila mtu kwa mdomo wake. Ni vitu vidogo vya baharini, huwezi kuviona kimoja kimoja vizuri, ni kama vumbi ndani ya maji. Mchana vinakula mwanga kama majani ya chai yanavyokula. Giza likiingia, ukivigusa vinawaka rangi ya buluu, ile buluu ya moto wa gesi, halafu vinazima. Binti alisema baridi ya Kericho inavifaa, kwamba huko Pwani joto lilikuwa linavisumbua. Dresa alilipenda hilo. "Unaona?" akatuambia. "Hata vitu vya bahari vinatoka bahari kuja kutafuta hali ya hewa ya hapa."

Binti aliporudi Pwani simu ziliendelea kulala kifudifudi mezani. Lakini ile chupa aliitunza kuliko alivyowahi kututunza sisi. Alimwendea fundi wa mbao kiwandani, wakaunganisha vipande vya vioo vya dirisha, wakapata kisanduku cha maji chenye urefu wa mkono. Hicho kisanduku alikiita wodi. Vile vidudu aliviita wagonjwa. Asubuhi alikuwa akipita mbele yake mikono nyuma, kama daktari mkubwa, akisema, "Mmelalaje? Kuna malalamiko?"

Wodi ilikuwa na sheria. Mkono usiingie, kwa sababu mkono una sabuni na sabuni inaua. Chuma kisiingie. Maji yakipungua, chumvi hubaki, kwa hiyo unaongeza maji matamu tu, ya mvua, au ya bomba ambayo yamelala ndani ya ndoo wazi siku mbili mpaka klorini iruke. Na kugonga ni mara moja kwa kila mtu, kwa sababu vikitikiswa sana vinachoka na kuchoka kwavyo ni kifo. "Mgonjwa hachezewi," alisema. Huo ndio msemo wake mkubwa, na alikuwa akiusema hata kwa watu waliokuwa wanacheza mchezo wa drafti.

Sasa, sisi wachumaji tunatoka mizanini alasiri, tumechoka, na usiku kila mtu amefunga mlango wake. Kwa hiyo aliwageuzia wale wagonjwa saa. Aliwawashia taa usiku, akawafunika kwa blanketi mchana, mpaka wakaamini mchana ni usiku. Tukitoka kupima majani, kikapu bado mgongoni, tunaingia chumbani kwake wawili wawili, tunaosha miguu kwanza, tunasimama gizani, tunagonga kioo. Buluu inapita kama upepo kwenye nyasi. Halafu tunatoka tukapike. Hakuna aliyetutoza wala kutuhubiria. Nimefika darasa la tano tu, sijui kusema vizuri kilikuwa kitu gani kwetu. Ulikuwa umesimama tangu asubuhi mgongo umepinda, nyapara anakuita kwa namba, halafu unagusa kioo na kitu kinakujibu.

Chebet alikuwa wa kwanza mlangoni kila siku. Yeye aliruhusiwa kugonga mara mbili, na watoto wengine wakilalamika Dresa aliwaambia, "Huyu ni nesi wa zamu."

Maneno yalikuwepo. Taa inayowaka chumbani kwa mzee usiku kucha, na dirisha lililofungwa mchana, watu watasema nini? Walisema anafuga mapepo. Nyapara wetu, anaitwa Festo, alikuwa akilisema hilo mizanini kwa sauti kubwa, na alimwandikia mara mbili kwamba anamaliza stima ya kampuni. Dresa alimjibu, "Taa yangu inameza stima kidogo kuliko redio yako, na haisemi uongo."

Na hao wagonjwa wake aliwaua mwenyewe, tena si mara moja. Hilo lazima niliseme kwa sababu baadaye ndilo lililotumiwa kutuziba midomo. Mara ya kwanza chumvi ya binti ilipokwisha, kwa kiburi hakumpigia simu, akatia chumvi ya ng'ombe, ile ya kulamba, aliyonunua kwa wachuuzi wa mifugo kutoka Siongiroi. Wodi ikawa kama supu ya matope. Mara nyingine aliona wamefifia, akawaza kama mtu wa chai anavyowaza: kikonyo kikififia unatia mbolea. Akatia chembechembe za mbolea ya chai. Kwa siku chache maji yakawa kijani, yakanuka kama choo cha shule. Kila mara alibaki na kidogo ndani ya chupa ya juisi juu ya kabati, na kutoka hapo akaanza upya. Na kila mara laini nzima ilicheka wiki nzima. "Dresa, tumesikia kuna matanga kwako." Yeye naye akicheka, akisema daktari asiyezika si daktari.

Ukafika ukame. Kwetu watu wanafikiri hakuna ukame kwa sababu ni kijani, lakini chai inapokauka ncha na barabara inapogeuka unga, tunajua. Mvua ikakatika muda mrefu. Pipa la Dresa la maji ya mvua likaisha. Akaanza kuongeza maji ya bomba kwenye wodi, akiyalaza kwenye ndoo kama kawaida.

Bomba letu linatoka kwenye tangi la juu ya kilima, na tangi hujazwa kwa pampu kutoka kidimbwi cha kijito. Ukame ukija kidimbwi hupungua, kinakuwa kama sufuria. Nitasema sasa niliyoyaona kwa macho, kwa sababu ploti ya chai niliyokuwa nikichuma iko juu ya kile kidimbwi. Wapiga dawa ya wadudu kazi yao ni ya kipimo: ukimaliza mapipa yako uliyopangiwa, unaenda nyumbani, hata kama ni saa nne. Mahali pao pa kuchanganyia dawa ni mbali, penye bomba lao na shimo lao la maji machafu. Bomba lao likakauka. Kwa haki kazi ingesimama. Festo akawaambia wachanganyie kando ya kidimbwi na waoshe pampu zao za mgongoni papo hapo, wamalize upesi. Niliwaona wakiinama, niliona ile rangi ya maziwa ikienda kwenye maji. Nilifikiri kuna mtu mkubwa anajua. Mtu wa namba anafikiri hivyo.

Siku moja baada ya mizani tuliingia kwa Dresa, tukagonga, pakawa giza. Akagonga yeye. Giza. Akachukua chupa ya juu ya kabati, ile ya akiba, akatikisa, ikawaka. Hiyo hakuwa ameiongezea maji. Akaketi kitandani na gamboti zake.

"Safari hii umewapa nini, Dresa?" mtu akauliza. "Ugali?"

Hakucheka. "Maji tu," akasema. "Nimewapa maji yenu."

Kesho yake akaimimina ile chupa ya akiba yote ndani ya vikombe viwili, kimoja akakitia maji ya bomba yaliyolala siku mbili, kingine akakitia maji ya chupa ya dukani. Kesho kutwa kimoja kikawaka, kimoja hakikuwaka. Hata mimi wa darasa la tano nilielewa. Akasema twende ofisini. Mimi nilikuwa mwakilishi wa wanawake wa laini yetu, kwa hiyo nikaenda naye.

Meneja wetu aliitwa Harrison. Alikuwa mtu wa tabasamu. Katika kila mkutano alikuwa anainua kikombe mbele yetu na kusema, "Mimi nakunywa chai ya hapa kwa maji ya hapa, maji yenu haya haya." Wageni walipokuja, alikuwa anawaonyesha bomba la ofisini kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Tulimpigia makofi kwa hilo.

Tulisimama mbele ya meza, Dresa akaweka juu yake vile vikombe viwili. Festo alikuwa ameketi pembeni.

"Mzee," Harrison akasema, "umekuja kushtaki maji kwa sababu ya samaki?"

"Si samaki, bwana. Ni planktoni."

"Ndiyo nini?"

"Ni mapepo yake, bwana," Festo akasema. "Yanalala mchana."

Wakacheka. Dresa akangoja wamalize. "Bwana, hii maji iko na dawa. Si klorini. Klorini naijua, nimeilaza siku mbili, imeruka. Hii ni dawa ya shamba. Kitu kidogo kinakufa kwanza, kikubwa kinafuata."

"Ulishawaua mara ngapi hao wadudu wako?"



"Mwambie, Dresa," Festo akasema. "Mwambie bwana habari ya mbolea. Mwambie ya chumvi ya ng'ombe."

Akaambiwa, na Festo mwenyewe ndiye aliyesimulia, na alisimulia vizuri, na mimi mwenyewe karibu nicheke. Harrison akafuta macho kwa leso. Akasema klorini imeongezwa kwa sababu ya ukame ili tusihare, na tukitaka iondolewe tuandike tutie sahihi sote. Dresa akaomba jambo moja tu: maji yapelekwe kupimwa. Harrison akasema ataangalia. Kisha akaagiza chai.

Hapo naomba msomaji akumbuke kona ya ile ofisi. Mama wa chai alikuwa amesimama pale kwenye sinki. Bomba lilikuwa mbele ya tumbo lake. Alichukua chupa kubwa ya maji ya dukani, akaivunja kizibo, akamimina kwenye birika. Kulikuwa na chupa nyingine tupu chini ya sinki. Niliona, nikafikiri labda bomba limeharibika. Mkono wa mama wa chai ulikuwa umelowa, alikuwa ametoka kuosha vikombe kwa bomba hilohilo.

Tuliporudi, Dresa alipita nyumba kwa nyumba. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la zamani, lililokuwa halifungiki tena vifungo. "Msinywe hii maji. Msipikie. Kuchemsha hakusaidii."

Mama wa nyumba ya jirani, mcheshi kutoka upande wa ziwa kama yeye, akamuuliza, "Sasa tunywe nini, Dresa?"

"Ya chemchemi ya chini."

"Chemchemi imewekwa waya na askari."

"Ya shamba lingine."

"Wametufukuza jana, mitungi yetu iko kwao mpaka sasa."

Dresa akageukia mlango wa pili.

"Tukikosa maji tutakufa wiki hii," yule mama akasema. "Na tukinywa tutakufa lini?"

"Sijui."

"Basi nipe hiyo sijui yako, nipikie watoto."

Akacheka, na sisi tukacheka, na Dresa akasimama pale katikati ya laini na koti lake. Sijaona mtu mwenye haki akiwa hana la kufanya kiasi kile. Tulimwamini, wengi wetu. Watu wakisikia leo wanauliza kwa nini hamkumwamini. Tulimwamini. Imani haikuwa na mtungi.

Siku ile yenyewe aliyokufa Chebet, pipa zima la dawa lilipinduka kando ya kidimbwi asubuhi, pampu ikiwa inavuta. Aliyeniambia ni mmoja wa waliokuwepo, simtaji kwa sababu ana watoto na bado anafanya kazi. Alisema walitaka kukimbia kuzima pampu na kupiga kelele, Festo akawaambia wanyamaze, kijito kitalibeba. Mchana laini nzima ilikuwa inatambaa. Nilimbeba Chebet mpaka kwa Dresa kwa sababu hakukuwa na pengine. Gari la kampuni walisema limeenda mjini. Trekta lilikuja jioni, likatubeba sisi tuliobaki na pumzi hadi hospitalini. Mtoto wangu alikwenda peke yake, kwa lori.

Wawili wengine walikufa, yule mama mcheshi mmoja wao.

Halafu wakatafuta maneno. Walisema ni chakula kibaya. Wakaja chumbani kwangu, wakaona kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mkaa, wakakichukua. Siku chache baadaye Harrison alisimama mbele ya watu na kusema uchunguzi wa kwanza unaelekea kwenye maziwa yaliyolala yasiyo safi katika nyumba ambayo mtoto alifariki. Kibuyu changu. Nilichokiosha kwa mikono yangu, nikakisugua kwa mkaa kama nilivyofundishwa na kogo, bibi yangu. Watu wa ziwa hawakuwa wakinywa mursik yangu, na walikuwa wamelala vitanda vya pembeni yangu hospitalini. Nilipouliza hilo, nikaambiwa kila mgonjwa ana sababu zake. Huko kwetu Siongiroi tulikomzika, kuna watu hadi leo hawanywi maziwa nyumbani kwa mama yangu.

Hayo ndiyo matokeo ninayoishi nayo. Mikono yangu inatetemeka, haichumi tena. Naitwa Mama Chebet na hakuna Chebet. Na anayesemekana amemuua ni mimi.

Dresa alitolewa nyumbani kwa ajili ya stima. Barua ilisema hivyo, stima. Festo akapandishwa cheo. Harrison akahamishiwa shamba lingine lenye nyumba kubwa zaidi, na bustani.

Mwaka huu, kabla mvua hazijaanza, nilienda mjini Kericho kwa sababu ya dawa ya mikono. Nikaelekezwa kwa Dresa: chumba nyuma ya mashine ya kusaga, ukuta unatetemeka unga ukisagwa. Blanketi lilikuwa dirishani. Nje ya mlango kulikuwa na beseni la kuoshea miguu.

"Chamgei, Mama Chebet," akanisalimia kwa lugha yangu, kwa ulimi wake wa ziwa.

"Mising, Dresa."

"Osha miguu."

Amezeeka, shingo imelegea. Simu ilikuwa mezani, uso juu. Ililia tukiwa tunaongea, akaichukua haraka, akamwambia binti yake, "Ndiyo mama, wamekula mwanga vizuri, nitakupigia," na akanitazama kana kwamba nimemkamata anaiba. Nilikaa karibu na kisanduku kipya cha kioo, chenye wagonjwa wapya kutoka Pwani, nikanyoosha kidole.

Nilitaka kugonga mara moja tu, kama sheria. Lakini mkono wangu ukishafika haunitii. Ulitetemeka juu ya kioo, na maji yakawaka, yakaendelea kuwaka, buluu juu ya buluu, hayazimi, kwa sababu mkono haukomi.

"Toa mkono, Mama Chebet," akasema polepole. "Utawachosha." Na alipoona siwezi, aliushika kwa mikono yake yote miwili, akauweka mapajani pangu, akaushikilia hapo.

Kisha akanionyesha kitu juu ya kabati. Chupa, imefungwa kwa karatasi nyeusi. Maji ya bomba la laini, aliyokinga jioni ile ile trekta lilipotuchukua. Ameyapeleka ofisi za serikali, moja baada ya nyingine. Wanamwambia maji ya ushahidi huchotwa na afisa mwenyewe, pale pale yanapotoka. Na pale yanapotoka pamekwisha kuchimbwa na kuwekwa kokoto mpya.

Nikamwambia, "Tia humo ndani. Kidogo tu. Tuwaite watu wa gazeti, wa kanisa, waone wodi ikizima."

"Hapana."

"Dresa, ni mtoto wangu."

"Najua."

"Ni kibuyu changu wanachokisema!"

"Najua, Mama Chebet." Mashine ya kusaga ikanyamaza, sauti ya Dresa ikawa kubwa ghafla. "Nilishawaonyesha vikombe viwili. Hawakukosa kujua. Wanajua kuliko sisi. Sasa hawa wafe ili nani aambiwe nini?"

Nilimkasirikia. Bado nina hasira naye, siwezi kuficha. Ningewaua wote kwenye kile kioo kwa ajili ya mtu mmoja tu kusema, "Haikuwa maziwa yako." Yeye hawezi, ndivyo alivyoumbwa. Niliondoka na yeye akanisindikiza mpaka barabarani, akiwa na gamboti zilezile, zinanuka vilevile.

Lakini njiani nilikumbuka birika. Kwa hiyo jambo la vidudu namwachia Dresa, na mimi nauliza langu.

Festo, wewe najua ulichofanya. Uliamuru pampu za dawa zioshwe kwenye kidimbwi cha maji ya watu ili kazi iishe mapema, na pipa lilipopinduka ukasema nyamazeni. Njoo Siongiroi uyaseme mbele ya kaburi, na mbele ya majirani wa mama yangu.

Na wewe Harrison. Ulikuwa mtu wa maji ya hapa, kikombe juu, makofi. Siku tuliyosimama mbele yako na mzee, ukamcheka mpaka ukafuta macho, chai yako ilipikwa kwa maji ya dukani na bomba lilikuwa linafanya kazi. Mtoto wangu alikuwa bado mzima siku hiyo, alikuwa anacheza nje ya lango lako akinisubiri. Sikuulizi habari za klorini. Nakuuliza hili tu, na unijibu kwa mdomo wako, mbele ya watu: nani alikuambia uache kunywa maji ya hapa?